Mchanga Upi Chini ya Kwato? Kutengeneza Uwanja wa Farasi Nyumbani, Huku Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu Ifunda, kwenye barabara ya Iringa kwenda Mafinga, tunaofuga farasi tunahesabika kwa vidole. Mimi nina watatu. Neema ni jike, ana miaka 17. Kijivu alihasiwa akiwa mdogo, mzito wa kama kilo 500. Na yupo Pili, mfupi, mpole, ambaye watoto wa jirani wanajifunzia. Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la Mufindi kwa miaka 14, na mwenye shamba alipohama nchi aliniachia wale wawili wa kwanza. Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza uwanja wa kupandia hapa nyumbani, nilijiamini. Farasi nilikuwa nawajua kweli. Ardhi anayokanyaga farasi nilikuwa siijui, na aliyelipia ujinga huo ni Neema.

Mwaka huu nimeulizwa na watu watatu, mmoja wa Uyole, mmoja wa Njombe na mwingine wa hapo Mafinga, wote swali lile lile: "Kaka, niweke mchanga gani?" Naandika jibu lote kwa pamoja, maana swali lenyewe linaanzia mwishoni. Mchanga ndio kitu cha mwisho kununua.

Nianze na kosa langu. Eneo nililochagua lilikuwa shamba la zamani la mahindi, limeinama kidogo kama sahani, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Nilikwatua nyasi, nikasawazisha kwa majembe na vijana wanne, nikaagiza mchanga. Muuzaji akaniuliza ni wa kazi gani, nikamwambia wa farasi. Akaniletea ule laini wa kupigia plasta, akasema mnyama atafurahia ulaini. Tuliumwaga wote kwa siku mbili, kina cha sentimita 15, juu ya udongo ule ule. Kwa macho ulipendeza sana. Lakini Agosti ile nilikuwa namwona Neema anakwenda kama mtu anayetembea ufukweni na mzigo kichwani, jasho shingoni baada ya dakika 20 tu, nami nikajiambia hajazoea. Vumbi liliingia mpaka jikoni.

Januari mvua ikashika. Mfinyanzi ukanywa ukashiba, maji yakakaa juu yake na chini ya mchanga, na kwato zikavichanganya vyote viwili. Kufikia Februari haukuwa mchanga wala udongo, ulikuwa uji. Mwishoni mwa Machi ukaanza kukauka vipande vipande: hapa pagumu, hatua mbili mbele panadidimia. Hapo ndipo Neema alipozama mguu wa mbele wa kushoto akiwa anakimbia taratibu. Kano ya nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, ilivimba usiku ule ule. Alikaa miezi 7 bila kupandwa, na kila asubuhi nilimtembeza kwa kamba nikiutazama mguu ule.

Wiki moja baadaye mzee wa jirani, aliyestaafu kazi za ujenzi wa barabara, alipita kumpa pole. Nilimwamkia, akaitikia, akashuka uwanjani, akachomeka fimbo yake. Ikazama hadi nusu. Akaniambia, "Mwanangu, umetandika kitanda juu ya maji." Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na mengi ya hapa chini ni yake.

Kwanza, je, unahitaji uwanja?

Kama una farasi mmoja na unampanda mara tatu kwa wiki, na una kipande cha nyasi za kikuyu kwenye mteremko mdogo usiotuamisha maji, baki na nyasi. Hamisha njia unazopitia kila wiki ili zisichimbike, na siku za ukungu na manyunyu usikimbize, maana nyasi zilizolowa zinateleza. Tatizo la nyasi huku kwetu ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Na ukiwa Mufindi kwenye ukingo wa mashamba ya chai, ongeza na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, manyunyu yale yasiyokwisha. Huko uwanja wa kutengeneza una maana. Iringa mjini penye mvua chache, ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na hapo pia una maana, ila kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana sikubali ushauri wa mtu aliyeko Tukuyu utumike Kalenga bila kuuliza mvua.

Jambo la pili ni ukubwa. Uwanja mdogo wa mashindano ya mafunzo ya farasi ni mita 20 kwa 40, mkubwa ni mita 20 kwa 60. Wengi wanakimbilia ule wa 20 kwa 40, yaani mita za mraba 800. Mimi namshauri anayeanza atengeneze duara la kipenyo cha mita 20. Hilo ni mita za mraba 314, chini ya nusu ya gharama, na farasi anaweza kufanya karibu kila zoezi humo. Ukikosea, umekosea padogo.

Kwato inataka nini

Kabla ya kuchagua, elewa mguu unavyofanya kazi. Kwato ikitua, huteleza mbele kidogo sana kabla ya kusimama. Kisha uzito wote hushuka juu yake, kifundo kikainama, kano zikavutika. Halafu ncha ya kwato huchimba kidogo na kusukuma mwili mbele. Hatua tatu, na kila moja inadai kitu chake ardhini. Ardhi ikishika mno kwato inapotua, mguu unasimama ghafla na viungo vinapokea mshtuko. Ikiwa ngumu, kishindo kinapanda hadi begani. Ikiwa ya kina kirefu, ile hatua ya kusukuma inakosa pa kujikita, na kano ndizo zinazofanya kazi ambayo ardhi ingefanya. Hicho ndicho kilichompata Neema.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, mwaka 2014 lilitoa andiko refu kuhusu viwanja. Ukilitoa maneno ya kitaalamu, linataka mambo haya: ardhi isiwe ngumu kwato inapogusa, inyonye kishindo, irudishe nguvu kidogo mguu unapoinuka, ishike bila kunasa, na iwe sawa kila mahali. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, na mimi nalitanguliza. Farasi anaweza kuzoea ardhi ngumu kidogo, na anaweza kuzoea iliyo laini kidogo. Ardhi inayobadilika katikati ya hatua hawezi kuizoea, kwa sababu mguu umeshatoka kabla hajajua.

Maji yatoke wapi, yaende wapi

Hesabu hii aliifanya yule mzee kwa kijiti ardhini, nami sijaisahau. Mvua moja ya milimita 25, ile ya jioni moja tu ya Januari, ikinyesha kwenye uwanja wa mita za mraba 800, inaleta lita 20,000 za maji. Ni matanki manne ya lita 5,000 yamepasuliwa uwanjani kwako kwa mpigo. Kama hujui yataelekea wapi, yatakaa.

Chagua sehemu ya juu, si bondeni. Kama kiwanja chako chote ni mteremko, chimba mtaro upande wa juu ili maji ya shamba la jirani yazunguke, yasipite katikati. Halafu lipe eneo lenyewe mwinamo wa upande mmoja: asilimia 1 hadi 1.5. Kwa upana wa mita 20, upande mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 20 hadi 30. Jicho halioni mwinamo huo na farasi hausikii, ila maji yanaujua. Zaidi ya hapo mvua itaanza kubeba mchanga wako. Ukitaka kuona maji yanaweza kuufanya nini mchanga, simama Isimila siku moja, kwenye lile korongo karibu na Iringa mjini, utazame zile nguzo ndefu yalizochonga.

Kupima mwinamo hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, vigingi na kamba vinatosha, mafundi wote wa nyumba wanajua. Nilifanya na kijana mmoja kwa siku nzima.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa maji yaliyotuama, na kwetu wafugaji ni nzito kuliko hata kano. Ule ugonjwa wa virusi uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua farasi kwa siku chache, huenezwa na visubi wadogo wanaozaliana kwenye tope na unyevunyevu. Kidimbwi kwenye kona ya uwanja, karibu na banda, ni kiota chao. Fukia, chimba njia, fanya lolote, kisikae.

Tabaka la chini

Ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi na mboji, hadi ufike kwenye udongo mgumu. Mboji ukiiacha itaoza na kushuka. Ule mfinyanzi mwekundu wa chini ushindilie ukiwa na unyevu kidogo. Ukikauka kabisa haushiki, na ukilowa ni tope.

Juu yake weka mawe yaliyopondwa. Kokoto za kuchanganya, kubwa na ndogo pamoja na vumbi lake, hushikana vizuri kuliko kokoto za ukubwa mmoja. Kina cha sentimita 15 baada ya kushindilia kinatosha kwa ardhi ya kawaida. Weka kwa awamu mbili na kila awamu ishindiliwe peke yake kwa rola, maana rola ndogo haifiki chini ya mlima wa kokoto. Kwa uwanja wa mita za mraba 800 hiyo ni mita za ujazo 120 zilizoshindiliwa, na uagize zaidi kidogo kwa sababu zitashuka. Moramu nzuri yenye changarawe nyingi inaweza kushika nafasi hiyo sehemu za mvua chache kama Iringa. Mufindi na Rungwe nisingethubutu.

Kati ya udongo na kokoto, ukiweza, tandika kile kitambaa cha makandarasi wa barabara, jiotekstaili. Kazi yake ni kuzuia mfinyanzi usipande na kokoto zisizame. Mimi nilinunua cha uwanja mzima na sijawahi kujuta. Juu ya kokoto, kati yake na mchanga, sikuweka kitambaa: kikifunuka, kwato itanasa.

Sasa ushauri ambao kila mtu anaukataa mwanzoni. Ukimaliza tabaka hili mwezi wa nane au wa tisa, usinunue mchanga. Acha mvua za Desemba na Januari zikague kazi yako. Baada ya kila mvua kubwa, vaa buti, zunguka, weka kigingi kila penye dimbwi. Mimi niliweka vigingi 11. Aprili nilijaza sehemu hizo kokoto, nikashindilia tena, na hapo ndipo nilipopiga simu ya mchanga. Ukishaweka mchanga huoni tena mabonde ya chini, utayajua siku farasi anapojikwaa.

Kuuchagua mchanga wenyewe

Usiulize jina. "Mchanga wa mtoni" ni jina, "mchanga wa mlimani" ni jina, na kila muuzaji ana maana yake. Milima yetu ya Iringa ni ya mawe ya matale, yale makubwa unayoyaona Gangilonga na kila upande wa mji. Jiwe hilo likimomonyoka linatoa punje za aina mbili muhimu: za kung'aa kama kioo, ngumu, zisizooza, na nyingine nyeupe au za pinki zinazolainika na hatimaye kuwa mfinyanzi. Mchanga uliooshwa na mto umeshapoteza sehemu kubwa ya zile laini. Uliochimbwa mlimani bado unazo. Kwa hiyo mchanga wa machimbo mawili yaliyoachana kilomita 5 tu unaweza kutofautiana kabisa.

Nenda machimbo mwenyewe, na uulize kama yana kibali, maana mito yetu inaliwa kingo na watu wanaochota ovyo. Chukua mchanga kutoka ndani ya rundo, si juu, ujaze mfuko. Nyumbani fanya haya.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia mchanga theluthi, jaza maji, tia sabuni ya unga kidogo sana, tikisa kwa dakika mbili, kisha iweke mezani. Mchanga utashuka ndani ya dakika moja. Tope laini litashuka polepole kwa saa kadhaa, na kama kuna mfinyanzi, maji yatabaki na rangi hata kesho yake. Pima kwa rula. Kwenye sentimita 10 za mchanga, tope la juu likizidi nusu sentimita mimi naukataa. Ule wa kwanza, wa plasta, niliupima baadaye kwa kuumia tu roho: tope lilikuwa karibu sentimita mbili. Tope hilo ndilo linakuwa utelezi masika na vumbi kiangazi. Na vumbi la mchanga lina chembe zisizoonekana za zile punje za kung'aa kama kioo, zinazodhuru mapafu, ya farasi na yako.

Halafu tazama punje kwa lenzi, hata kamera ya simu ikisogezwa karibu inasaidia. Zikiwa za mviringo na laini kama gololi, haziwezi kushikana, na farasi atakuwa anasimama juu ya gololi. Unataka punje zenye pembe zilizopunguzwa makali kidogo. Mto mrefu huziviringisha. Kijito kifupi kinachoshuka kutoka kwenye mawe huziacha na pembe. Mchanga ninaotumia sasa umetoka kwenye kijito kidogo cha namna hiyo, na niliukubali kwa sababu ya lenzi, kwa kuwa rangi yake ya kijivu haikunivutia hata kidogo.

Lowesha kiasi, ufinyange kiganjani. Ukishika umbo, kisha ukavunjika ukiugusa kwa kidole, ni mzuri. Ukigoma kushika kabisa, utakimbia chini ya kwato. Ukishika kama matofali na kuacha wekundu mkononi, urudishe.

Upitishe kwenye wavu wa mbu wa dirishani. Sehemu kubwa ipite. Kinachobaki kikiwa na vijiwe vyenye ukubwa wa maharage, dai uchekechwe, kwa sababu kijiwe kimoja chini ya wayo wa kwato kinaweza kumchechemesha farasi kwa siku kadhaa.

Kwa ndugu zangu wa Mbeya na Songwe kuna jaribio la ziada, kwa sababu upande huo una chokaa ardhini. Dondoshea siki au limao. Ukitoa mapovu, una chokaa, na vumbi la chokaa likilowa na kukauka mara kadhaa linashikana kama saruji. Tumia chini, usitumie juu. Vivyo hivyo vumbi la kokoto la kwenye mashine za kuponda mawe: ni tabaka zuri sana la chini, lakini juu linakuwa sakafu.

Ukishaupenda mmoja, nunua tripu moja tu. Fuso la tani 7 hubeba kama mita za ujazo 4.4 za mchanga mkavu. Ukitandaza kwa sentimita 5 unapata karibu mita za mraba 88, yaani njia ya upana wa mita 4 na urefu wa 22. Mpitishe farasi hapo wiki mbili, mkavu na uliolowa. Shuka uangalie alama ya kwato. Iwe wazi, ukingo wake usiporomoke, na kisigino kisizame zaidi ya ncha. Msikilize pia: kishindo cha "ko, ko" maana yake pagumu, na akipumua kwa nguvu kabla ya wakati wake maana yake panazama.

Halafu mchanga wote utoke kwenye shimo lile lile. Zungumza na dereva kabla, tena zungumza naye vizuri, mpe na chai. Mimi tripu ya saba ililetwa kutoka kwingine kwa sababu foleni ya machimbo ilikuwa ndefu. Niliiona kwa rangi, nikaomba imwagwe nje. Kijana alikasirika, nikamwonyesha mguu wa Neema. Akanyamaza, na tripu zilizofuata zilitoka mahali pake.

Vitu vingine watakavyokushauri

Maranda na unga wa mbao ndivyo vya kwanza, maana kuanzia Sao Hill mpaka Makambako tunaishi katikati ya misonobari na viwanda vya mbao, na mara nyingine unapewa bure. Kwa banda, maranda ni mazuri. Uwanjani, peke yake, yanaoza kwa mvua zetu, yanateleza, na baada ya misimu miwili una mboji juu ya kokoto zako. Kidogo kikichanganywa na mchanga hushikilia unyevu wakati wa kiangazi, na kwa Iringa pakavu nakubali, mradi ujue utakuwa unaongeza. Jambo moja tu nasisitiza kwa nguvu zote: usichukue unga wala vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa. Ile dawa ya kijani ina shaba, kromi na arseniki. Farasi hutafuna, hulamba, huvuta pumzi. Hata ukingo wa uwanja usiujenge kwa vipande hivyo. Tumia mabanzi ya kawaida, yakioza badilisha, na acha nafasi chini yake maji yapite.

Matairi yaliyokatwakatwa yananyonya kishindo, ni kweli. Lakini yana nyaya, yananuka jua likiwaka, mvua kubwa huyaelesha na kuyabeba mtoni, na siku ukiyachoka huna pa kuyatupa. Siyataki.

Pumisi, lile jiwe jepesi la volkano la upande wa Rungwe, linavutia kwa kuwa linanyonya maji. Ila linaelea, na kwato inalisaga kuwa vumbi.

Huko Ulaya wana mchanga uliopakwa nta na kuchanganywa na nyuzi, usiohitaji kumwagiliwa. Nimeupanda mara moja nikiwa safarini na ni mzuri kwelikweli. Kusafirisha mpaka Ifunda ni fedha ambayo ningeinunulia rola na tanki la maji, bado ikabaki.

Kina, maji na reki

Anza na sentimita 5. Najua inaonekana ndogo, na jirani atakuambia umebania. Panda mwezi mzima, kisha ongeza sentimita moja, panda tena. Kuongeza ni toroli tu, kupunguza ni adhabu. Mimi nimeishia 7. Kwa uwanja wa mita za mraba 800, sentimita 5 ni mita za ujazo 40, tripu tisa au kumi za Fuso. Kwa lile duara la mita 20, ni tripu nne.

Kiangazi mchanga unahitaji maji ili ushikane. Kuulowesha uwanja wa 20 kwa 40 kwa milimita 5 tu ni lita 4,000. Kabla ya kujenga, jiulize maji hayo yatatoka wapi mwezi wa tisa na wa kumi, kisima kikiwa chini. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda duara: lita 1,600 zinatosha. Mwagilia jioni jua likishazama. Na kama uko Makambako kwenye upepo ule, panda mstari wa miti upande wa upepo mwaka mmoja kabla.

Samadi iondoe siku hiyo hiyo, ikisagika ni vumbi. Usimlishie farasi nyasi uwanjani, atakula mchanga na utamkaa tumboni. Kila baada ya kupanda mara tatu au nne nakokota fremu ya mbao yenye misumari mifupi, yenye wavu wa chuma nyuma, nikiifunga kwa punda wangu. Misumari isifike kwenye kokoto. Ukiona kokoto moja juu ya mchanga, simama, tafuta ilikotoka.

Pembeni mwa uzio ndipo mchanga unapokimbilia, kwa kuwa farasi hupenda njia ile ile. Kila Jumamosi nachukua rula ya chuma na daftari, napima sehemu 12. Leo asubuhi: sentimita 7 katikati, 7 na nusu upande wa mgomba, 4 kwenye kona ya lango ambako watoto hugeuzia. Neema alikuwa amesimama nje ya lango hilo akinisubiri. Nimemrudisha bandani kwanza, nimeleta toroli sita, nimesawazisha kona, nimepima tena. Sasa ni 7. Naenda kumtandika.